Lazima Wanisikie

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika tangu asubuhi, na sababu ninayo. Msimamizi wetu wa zamu anastaafu Ijumaa. Nafasi yake ni yangu. Nani mwingine anaijua mashine kubwa ya blanketi kama mimi? Nani? Lakini meneja katangaza kwamba tuko wawili: mimi na Mama Pasi, yule wa meza ya kunyooshea mashuka ya hoteli. Eti siku ya kumuaga mzee, kila mmoja wetu atasimama aseme maneno machache mbele ya wenzake, kwa kuwa msimamizi lazima ajue kuzungumza na watu. Kuzungumza! Kwenye kiwanda cha kufulia! Mashine zinanguruma kutwa, sisi tunaongea kwa mikono. Kiganja juu, zima. Kidole shavuni, doa halijatoka. Hakuna aliyewahi kudai hotuba humu mpaka zamu yangu ilipofika.

Jambo lenyewe si dogo. Mama mkwe nilishamwambia nimepandishwa cheo. Kafurahi mno, kawatangazia majirani zake, na Jumamosi anakuja kunipongeza. Nikikosa hiyo nafasi, nitauweka wapi uso wangu?

Jumanne, 4 Machi

Nimejiandikisha kujifunza kuhutubu. Mwalimu ni mtangazaji wa redio aliyestaafu, anafundishia chumba cha nyuma cha maktaba. Naingia, nani kakaa mstari wa mbele? Mama Pasi! Kanisalimia kwa adabu, kanivutia kiti. Mnafiki mkubwa.

Mwalimu kasema tuwajue wasikilizaji wetu, tuwatazame machoni, tutue kidogo baada ya neno zito, tusichoshe watu. Mambo rahisi. Nikajitolea kuanza. Nikachagua muuza vitambaa mmoja, nikamkazia macho bila kupepesa mpaka nilipomaliza utangulizi. Hapo akaomba ruhusa aende zake nyumbani. Mwalimu akanambia nimemtisha, halafu akasema napiga kelele. Nikamjibu mimi ni mtu wa mashine. Basi nikatua, kama alivyofundisha. Nikatua vizuri sana. Akadhani nimesahau, akamwita mwingine!

Huyo mwingine ni Mama Pasi. Kaongea juu ya kola ya shati. Kola! Eti kola humwambia nani kalala vibaya na nani kanuniwa na mkewe. Watu hoi kwa kicheko. Mwalimu meno yote nje. Mimi sikucheka. Nilijishika shati shingoni tu, basi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbili nafanya mazoezi kando ya mashine yangu, koo linawaka. Hotuba imekamilika: utangulizi, uvivu, uaminifu, kisha historia fupi ya sabuni. Mwalimu kasema ni ndefu. Mwalimu hajui ukubwa wa nafasi yenyewe.

Leo Mama Pasi kanijia wakati wa chai. Kapendekeza tusikilizane hotuba zetu na tusahihishane. Yaani anataka kuniibia! Nikamwambia yangu iko kichwani. Kasema hata yake. Mwongo.

Ndipo nilipopata akili. Sherehe itafanyika palepale ukumbini pa kazi, mashine zote zimezimwa. Zote? Mashine yangu ina saa ya kujiwasha. Nitaijaza blanketi mapema, niitegee saa. Mama Pasi akifungua mdomo tu, mashine inaanza kukamua, na ikikamua hata madirisha hutetemeka. Nani atamsikia na kisauti chake kile? Kisha zamu yangu. Mimi nimezoea kuishinda. Nimecheka peke yangu hadi mtu wa mapipa ya sabuni akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Machi

Wamenionea! Wote!

Nilimwachia Mama Pasi atangulie, kistaarabu kabisa. Meneja kanisifu. Mama Pasi akasimama, akasema ndugu zangu, na mashine ikaunguruma. Barabara! Meneja akahangaika kutafuta swichi, asiione. Nilimtazama Mama Pasi nimwone anavyolia.

Hakulia. Alitua. Akatuangalia mmoja mmoja, akainua mikono, akaendelea na hotuba yake kwa mikono! Akamwigiza mzee anavyolinusa shuka kabla ya kulipitisha. Akamwigiza anavyopita akigusa bega la kila mtu asubuhi, akiuliza mtoto kapona? Akaonyesha viganja vyake vilivyoungua, akamwelekea meneja, akavaa glavu ambazo hazikuwepo. Ukumbi mzima ukainua mikono juu kumuunga mkono. Mzee akatoa leso. Hata mkono wangu uliinuka, nikaushusha upesi. Hajasema hata neno moja! Hiyo si hotuba, ni kupunga nzi!

Nikajikaza kisabuni, nikapanda juu ya kreti. Mashine bado inanguruma, vizuri. Nikachagua macho ya mtu mmoja, nikajaza kifua, nikapaza sauti ninayoijua mimi. Nikaanza na uvivu. Nikafika kwenye maneno makali kuliko yote, na hapohapo mashine ikamaliza kukamua, ikazimika.

Ukumbi kimya. Kikasikika hiki tu: "WEWE NI MVIVU NA KILA MTU ANAJUA!"

Macho niliyoyachagua yalikuwa ya meneja.

Sasa hapo mwalimu kasema nini? Baada ya neno zito, tua. Nikatua. Nani aliyeniharibia? Mzee mwenyewe, anayeagwa! Akauliza kwa upole kabisa ni nani kajaza blanketi mashine ambayo leo ilitakiwa kuzimwa. Watu wote wakanigeukia. Fundi wa mashine ile ni mmoja. Sikuyumba, kwa sababu msemaji hodari hafuati makelele ya wasikilizaji. Nikaendelea na sehemu ya pili, uaminifu.

Wamecheka mpaka wengine wakakaa chini. Kacheka hata meneja niliyemwita mvivu. Nafasi kapewa Mama Pasi. Kanijia kunipa mkono, kasema atanihitaji sana kwenye mashine. Kejeli! Sauti imenikauka, la sivyo angenitambua.

Jumamosi, 8 Machi

Hasira juu ya hasira. Koo limefunga kabisa, natoa kisauti kama cha mtu anayemwamsha mgonjwa. Na mama mkwe kafika mapema, na keki.

Ilibidi nimwambie. Nilikaa karibu naye kwa sababu kutoka kiti cha mbali asingesikia. Nikamtazama. Nikamwambia mama, cheo sikukipata, na nilipokwambia nimekipata kilikuwa bado hakijatolewa. Koo likauma, nikanyamaza kidogo. Nikasema nilitaka siku moja uingie humu ndani na usiwe na wasiwasi juu ya binti yako. Nikaishia hapo, sauti ilikuwa imekwisha.

Mama mkwe, ambaye hajawahi kuniacha nimalize sentensi, alisikiliza hadi mwisho. Akaweka kikombe chini. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, leo ndiyo nimekusikia." Mke wangu akakimbilia jikoni, nikamsikia anapenga kamasi.

Aibu gani hii! Eti kanisikia! Sikuwa na utangulizi, sikusimama, mkono sikuinua, sauti sina. Miaka yote namngoja huyu mama anipe masikio, kaja kunipa siku ambayo sina hotuba. Sasa atakwenda kuwaambia majirani kwamba hivyo ndivyo ninavyozungumza.

Haitapita hivihivi. Nimemwandikia mke wangu kwenye karatasi amwombe mama yake arudi Jumapili ijayo, koo likishapona. Nitamsomea ile ya Ijumaa yote, pamoja na historia ya sabuni, nikiwa juu ya meza. Na safari hii nitapaza sauti zaidi.