Nyumba Tatu Mtini na Mbao za Marehemu

Nilipanda na viatu, nikashuka na akili. Haya, ni nini hicho?

Fikiri tu, mimi sina haraka. Usiniambie ni mkwezi, mkwezi hapandi na viatu. Usiniambie ni paka, paka akili anazo tangu chini. Na usikimbilie kunipa mji, mji wako baki nao kwanza. Jibu lenyewe lina miguu miwili, na siku hiyo ya Jumatatu lilikuwa linakuja barabarani kwa mwendo wa madaha.

Lilikuwa limevaa koti la kijivu na viatu vyeusi vyenye ncha, vinang'aa kiasi kwamba ungeweza kuinama ukachania nywele humo. Mjini walimwita Injinia. Cheo hicho alijipa mwenyewe, maana angengoja kupewa na shule angengoja mpaka leo. Alishawahi kuuza kisima ambacho hakijachimbwa. Alishawahi kuchangisha watu fedha za daraja, mahali ambapo hata mto wenyewe haukuwepo. Wakamshukuru, tena wakampa na soda.

Basi akaingia kwenye gesti moja ya vyumba saba, karibu na ufukwe, anywe chai. Kiti alichopewa kilitazama uani, na uani kulikuwa na kibanda cha bati. Chini ya bati, mbao za mvule. Zimelazwa moja juu ya nyingine, na kati yake vimewekwa vijiti upepo upite, kama afanyavyo fundi anayejua kwamba mbao haitaki papara. Injinia hakujua mbao. Bei ya mbao aliijua vizuri sana. Akasahau kukoroga sukari.

Karibu yake, kijana aliyefunga tai juu ya shati la mikono mifupi alikuwa anaongea na simu. Huyo ndiye Meneja, mtoto wa mwenye gesti.

"Wote wanakwenda kwa jirani," alikuwa anasema. "Yule ana bwawa la kuogelea. Mimi nina nini? Nina miti mitatu na mbu."

Injinia akangoja simu ikatwe, akasogeza kiti.

"Kaka, samahani. Hiyo miti unaiuza?"

"Miti? Aninunulie nani?"

"Usiiuze. Nakuomba kama ndugu yako wa damu. Utakuja kulia, na mimi sitakuwepo kukubembeleza."

Meneja akamtazama kuanzia kichwani, akafika kwenye viatu, akabaki hapo. "Kwani wewe ni nani?"

"Mimi nasanifu nyumba za juu ya miti. Za mahoteli." Alisema kwa unyenyekevu, kama mtu anayekiri ugonjwa. "Kaka, mtalii amechoka na chumba. Chumba anacho kwao, tena kina zulia. Apande ndege siku nzima aje alale kwenye chumba kingine? Anataka alale mtini. Ndege amnyee asubuhi, apige picha, awatumie wenzake waone wivu."

"Na atalipa?"

"Kadiri anavyolala juu, ndivyo bei inavyokwenda juu. Hesabu hiyo hata mimi sikuigundua, nimeikuta."

Siku hiyohiyo Injinia akaenda kwa kinyozi mmoja aliyekuwa na kalenda ya zamani ukutani, yenye picha ya nyumba nzuri ya mtini. Akalipia kunyolewa, akainakili kwa penseli huku kichwa kikizungushwa huku na huku. Kwa bahati mbaya mpiga picha wa kalenda ile alisimama upande wa nyuma ya nyumba. Kumbuka hilo, litatufaa mbele.

Jumanne akarudi na karatasi kubwa imeviringishwa. Nyumba tatu, kila moja na mti wake: baraza la kunywea chai, bembea ya kamba, bomba la kuogea kwa maji ya mvua. Ya tatu aliiita Kiota cha Maharusi, na Meneja alipoiona akafungua kifungo cha juu cha shati, tai ikabaki inaning'inia.

"Mama, njoo uone," akaita.

Mama mwenye gesti akaja na chandarua alichokuwa anakishona, sindano imechomekwa kwenye kanga. Alikuwa mjane wa seremala. Injinia akamwamkia shikamoo kwa kuinama mpaka tai yake ikagusa meza, akaitikiwa marahaba. Mama akavaa miwani, akaitazama karatasi muda mrefu, akaigeuza hata upande wa nyuma.

"Nzuri," akasema. "Baba, hebu nieleze kitu kimoja. Mtu anashukaje?"

Injinia akatazama mchoro wake. Baraza lipo, bembea ipo, bomba lipo. Ngazi haipo. Lakini mdomo wake haukuwa na desturi ya kungojea kichwa.

"Mama yangu, akishafika huko juu hatataka kushuka."

Meneja akacheka mpaka akapiga meza. Mama hakucheka. Akasema "Haya," akarudi kwenye chandarua.

Sasa Injinia akaileta ile habari aliyoijia. Mbao za mvule zile, alisema, zinafaa kabisa, ila zimeshanuswa na mchwa. Yeye ana karakana yake mjini. Alhamisi saa nane mchana litakuja lori, lizichukue zote zikatibiwe, zichemshwe kwenye dawa siku tatu, zirudi bila hata harufu ya mdudu.

"Zote?" akauliza mama.

"Mchwa hachagui, mama."

Mama akaweka sindano chini. Mbao zile, akamweleza, marehemu alizikausha miaka kumi na moja kwa ajili ya paa la gesti. Paa lililopo limeoza, mvua zijazo halitazimaliza. Zikipotea mbao zile hakuna nyingine, na bila paa hakuna gesti.

"Mama, paa la nini?" Meneja akaingilia. "Watu watakuwa wanalala mtini."

Mama akamtazama mwanawe kama mtu anayepima nguo iliyorudi imepungua kutoka kwa dobi. Kisha akamgeukia Injinia.

"Sawa, nitazitoa. Lakini marehemu alikuwa na sheria moja hapa uani. Kitanda kipya hulaliwa kwanza na aliyekitengeneza. Akiamka mzima, ndipo mteja anakichukua. Basi fundi wetu atajenga nyumba moja ndogo, ya mfano, kwa mbao za masanduku. Atajenga vilevile kama ulivyochora. Alhamisi ukishakula cha mchana, utapanda, utalala usingizi kidogo. Lori likija, lipakie."

Injinia akakubali haraka hata yeye mwenyewe akajionea haya. Angetaka nini zaidi? Nani atamshuku mtu aliyelala mtini huku mbao zinapakiwa? Akiamka atasema anawahi karakana, ale kona, basi.

Jumatano akamleta dereva wa lori, apime kama geti linatosha. Dereva huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole, mzito wa kusema. Wakati Injinia na Meneja wanapiga hatua kupima upana wa geti, mama alimkaribisha shemeji uji jikoni. Injinia akawaona kwa mbali wakizungumza. Akaona pia shemeji ameweka kikombe chini kabla hakijaisha, jambo ambalo si kawaida yake. Akapuuza.

Alhamisi wakala wali na maharage, Injinia akaongeza mara mbili. Nyumba ya mfano ilikuwa tayari kwenye mti mkubwa, juu kuliko paa la gesti, sakafu na ukuta na kijibaraza. Fundi, mzee mfupi mwenye penseli sikioni, aliegemeza ngazi yake ya kazi.

"Si uvue viatu?" mama akamwambia.

"Mama, msanifu hakagui kazi miguu pekupeku."

Akapanda, soli zikimteleza kila kipago cha ngazi. Akajilaza. Upepo ulikuwa mzuri ajabu, akajiambia kweli watalii wana akili. Saa nane juu ya alama akasikia honi. Akanyanyua kichwa, akaliona lori linaingia uani. Halafu akamwona fundi anaibeba ngazi begani, anaondoka nayo.

"Fundi, hiyo ngazi vipi?"

"Hii ni yangu ya kazi," fundi akajibu. "Kwenye mchoro haimo."

Lori likazimwa. Shemeji akashuka upande wa kulia. Upande wa kushoto akashuka mwanamke amejifunga futi ya kupimia shingoni, na Injinia akaitambua futi kabla ya mwanamke.

"Mke wangu," akasema huko juu, sauti ikiwa imepungua. "Umefikaje?"

"Nimekuja kuona karakana," mkewe akajibu. "Ile uliyopelekea cherehani yangu. Miaka miwili inatibiwa. Nikajua lazima ni hospitali kubwa."

Meneja akatazama juu, akatazama chini, akaanza kuelewa kwa awamu. Shemeji alikuwa ametazama viatu vyake mwenyewe.

"Mama aliniambia mbao zinakwenda kutibiwa," akasema taratibu. "Nikasema, kama cherehani ya dada. Uji ukanishinda."

Injinia akamwaga maneno yote aliyokuwa nayo. Alizungumza juu ya mchwa, juu ya maendeleo, juu ya heshima ya ndoa. Mama alimngoja amalize, kama unavyongoja mvua barazani. Kisha akafunga karatasi na penseli kwenye kamba, fundi akairusha juu.

"Chora ngazi," akasema. "Fundi atajenga vilevile utakavyochora."

Ngazi ya kwanza ilichorwa kwa dakika moja. Fundi akagongomea vipago viwili kama ilivyochorwa, akamwambia ajaribu. Injinia akanyoosha mguu, akatafuta kipago cha pili, hakukifikia. Kiatu kikachomoka, kikaanguka miguuni pa mkewe.

Mkewe akakiokota, akakifuta vumbi. "Hili gurudumu la cherehani yangu," akasema. "Lete na kanyagio."

Cha pili kikashuka.

Hapo ndipo Injinia alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apate cheo. Akauliza kitu kwa sababu anataka kujua.

"Fundi, kati ya kipago na kipago, huwa mnaweka kiasi gani?"

"Kiasi cha goti lako."

"Na nikiizungusha kwenye shina?"

"Usiibane. Mti unayumba, tena unanenepa. Iache ipumue."

Akachora, akafuta, akauliza, akachora tena. Karatasi ilipanda na kushuka mara tano. Meneja alikuwa ameshika futi ya yule mwanamke, anapima, na kwenye simu alishaanza kumwambia mtu kwamba gesti yao ina ngazi ya kuzunguka mti. Mbao za mvule zilikuwa palepale chini ya bati, na vijiti vyake.

Jua likiwa limeinama kidogo, Injinia akashuka, kipago kwa kipago, koti limejaa majani, vidole vya miguu vimekunjamana kwa kushikilia. Fundi akatikisa ngazi, akaguna kuridhika. Shemeji alikuwa ameshawasha lori, na mkewe ameketi ndani, viatu mapajani.

Mama akavua miwani.

"Sasa baba, lile swali langu hukunijibu. Mtu anashukaje?"

Injinia akaitazama ngazi yake ya kwanza duniani, kisha akatazama lori.

"Miguu mitupu, mama," akasema. "Tena mpaka mkewe atake."