Hamdiya na Vita vya Karatasi Iliyokunjwa

Sogeeni, enyi mlio barazani nanyi mlio jikoni, wekeni chini vikombe vyenu hata kahawa ikipoa, niwahadithie tendo ambalo mji wa Maskati haukupata kulishuhudia tangu kuta zake ziliposimamishwa: jinsi Hamdiya binti Sleyum alivyopigana na karatasi, nayo karatasi ilikuwa tupu.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1970, pale jamaa zetu waliotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, wakatawanyika nchi za watu, walipoanza kurudi Maskati, kwenye asili ya mababu. Hamdiya alirudi kutoka Kuwait, shule ameimaliza, pamoja na mama yake, Bi Mahbuba, na ami yake, Harub, ndugu wa marehemu baba yake: jemadari wa maneno, asiyepata kushindwa shauri lolote kwa kuwa hakupata kunyamaza.

Ikaja habari kwamba chuo cha utabibu cha ng'ambo kitapokea vijana, ila kwanza wapimwe akili kwa mtihani. Moyo wa Hamdiya ukaruka. Baba yake alikufa kwa homa ambayo dawa yake ipo, asipatikane wa kuitoa. Tangu siku ile hakutaka kazi nyingine. Akavaa miwani kama mtu avaaye deraya ya vita, akafungua kitabu cha mazoezi, akazishambulia hesabu zikasalimu amri, akaiendea elimu ya viumbe ikaomba amani.

Ndipo akakutana na adui. Karatasi ya mraba imekunjwa katikati, ikakunjwa tena katikati, kisha ikakatwa ncha ile makunjo yanapokutana. Ikikunjuliwa, itakuwa na matundu mangapi? Maswali ya namna hiyo yalimwangusha kila alipoyajaribu. Asubuhi ya siku moja kabla ya mtihani akafunga kitabu, akamwambia mama yake kwa sauti ndogo kwamba hatokwenda. Asiyeweza kuiona karatasi kwa ndani atayaonaje maradhi ya mtu?

Ami Harub, aliyekuwa akingoja chai, akainuka kama mwenye kuhutubia majeshi.

"Ewe binti wa ndugu yangu," akasema, "nnakwambia mimi niliyevuka bahari na majangwa: tabaka ni nne, basi matundu ni manne. Andika manne, ukatawale."

Akaendelea kueleza mpaka chai ikaletwa, na pamoja nayo sahani ya mikate ya maji, myembamba, laini, ingali ya moto. Hamdiya hakuwa akimsikiliza tena. Alichukua mkate mmoja, akaukunja, akaukunja tena. Bi Mahbuba akamuuliza kama mkate una kasoro. Binti aliishika ile ncha ya makunjo, akaing'ata kwa meno yake ya mbele, ng'ato moja ya kishujaa, kisha akaukunjua taratibu, akauinua juu mbele ya kaumu.

Tundu lilikuwa moja, katikati kabisa. Na ndani ya tundu lile, upande wa pili, likaonekana jicho la Ami Harub, limemtoka.

Kisha Hamdiya akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu msiba, akafungua kitabu upya, akamaliza sahani nzima kwa kukunja na kung'ata. Na kila jibu likawa sawa.

Kesho yake akaenda. Majina ya waliofaulu yaliposomwa, lake lilikuwamo. Bi Mahbuba alilia, akajifuta kwa kanga, akalia tena.

Siku hiyo baraza lilijaa wageni, na Ami Harub akawasimulia kwa kirefu jinsi yeye na bintiye walivyoivunja ngome ya karatasi, na jinsi alivyojua tangu mwanzo kwamba tundu ni moja. Bi Mahbuba, aliyekuwa akipitisha halua, akasimama.

"Shemeji," akasema kwa adabu, "mkate kautoboa mwanangu. Wewe ulichungulia tu."

Na hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika tarikhi ya ukoo wetu, na wala hapana aliyethubutu kuigeuza.