Viwavi Chini ya Chandarua

Jumatatu, 4 Machi 1974, Kishapu
Mkaguzi anakuja Ijumaa ya tarehe 22. Atachagua mwalimu mmoja wa Sayansi aende chuoni kujiendeleza. Lazima niwe mimi. Mwalimu mwenzangu Donatus ana sungura, na watoto wanamwabudu. Sungura! Mimi nitafuga vipepeo. Nimewaagiza Darasa la Tatu walete viwavi.

Jumanne, 5 Machi
Makopo tele! Viwavi wote wametoka kwenye pamba za wazazi. Watoto wamenieleza kuwa hawa hutoboa vitumba na nyumbani hupondwa kwa jiwe. Nikawajibu kuwa sayansi haipondi. Viwavi nimewaweka chini ya chandarua changu. Mimi nalala nje yake. Mbu wamefurahi.

Alhamisi, 7 Machi
Wanakulana! Nimewatenga, kila mmoja na kikombe chake. Vikombe vimekwisha, nimeazima kwa jirani. Nilimwamkia jirani huyo, Mama Limi, akaitikia marahaba huku akichungulia ndani.
“Mwalimu, sisi tunawaua shambani, wewe unawatandikia kitanda?”
Hanielewi. Hakuna anayenielewa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimewahamishia kwenye karai la udongo, wakajifukia. Kimya. Nami nimejifungia ndani. Nahisi tunageuka pamoja.

Jumatano, 20 Machi
Wametoka! Wa kijivu. Wanene. Wote. Donatus kapita dirishani, kauliza kama nafuga vumbi. Nimewapaka chaki za rangi. Wekundu wamependeza, yaani waliobaki hai.

Ijumaa, 22 Machi
Mkaguzi kaja na Bwana Shamba, yule anayezunguka vijijini akihimiza watu waue funza wa pamba. Nikafunua chandarua mbele ya darasa, kwa madaha. Vipepeo wakatoka dirishani moja kwa moja hadi kwenye pamba ya shule. Chaki ilibaki kwenye nywele za mkaguzi. Bwana Shamba akaketi kwenye dawati la mtoto.
“Dada yangu,” akasema taratibu, “kila mmoja wa hao atataga mamia ya mayai.”
Mkaguzi akauliza ni nani mwingine anayefundisha Sayansi. Donatus alikuwa mlangoni, sungura kifuani.

Jumamosi, 23 Machi
Donatus anakwenda chuoni. Mimi nimekabidhiwa kopo: kila asubuhi niokote funza pambani mpaka mavuno, wazazi wakiniangalia. Nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Ni mabawa. Basi nitafuga mchwa. Hawaruki, na pamba hawana habari nayo, wao ni mbao tu. Nimeshaomba ufunguo wa stoo ya madawati.