Ruhusa kwa Watu Wote

Jumatatu, 4 Machi

Aibu ya kwanza ya juma, na chai haijapoa. Mkurugenzi ametangaza kikaoni kwamba kompyuta mpya ya kuhifadhia rekodi, inayotumia Linux, haielewani na kompyuta zetu nyingine zote, ambazo ni za Windows. Msomaji akirekodi, kazi haihifadhiki. Akifungua folda ya mwenzake, anaambiwa hana ruhusa. Fundi wetu wa kompyuta alishahamia kazi nyingine. Injinia akapendekeza aitwe mtaalamu wa nje. (Injinia ni jina alilojipa mwenyewe. Kazi yake ni kusafisha sauti: kuondoa vikohozi na milango inayobamizwa.) Alipendekeza huku akinitazama mimi.

Nikasema hapana haja. Nikasema jambo hilo ninalimudu.

Sijui sentensi hiyo ilitoka wapi. Nikijichunguza kwa haki, naona ilitoka kwenye kiti cha Naibu Mkurugenzi, ambacho ki wazi tangu mwenyewe astaafu, na ambacho Injinia naye anakimezea mate. Kazi yangu ni kuhariri matini kabla hazijasomwa. Kompyuta nazifahamu kama ninavyowafahamu majirani: kwa salamu.

Nikazidi kujichimbia. Nikaongeza kwamba tasnifu yangu ya uzamili ilihusu vitenzi vya kuruhusu na kukataza. Mama Sauti, msomaji wetu mkongwe, akauliza kama vitenzi hivyo vinajua kushika bisibisi. Wakacheka wote. Nami nikacheka, kwa kuchelewa kidogo, jambo ambalo ni baya kuliko kutocheka.

Linaloniumiza si kicheko. Sisi hurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Mwalimu wa Biolojia wa shule yao anakuja Ijumaa kuchukua masomo ya marudio, na mtihani ni Jumatatu ijayo. Vitabu vya nukta nundu havijawafika. Wana sauti zetu tu, na sauti zetu zimefungiwa ndani ya kisanduku ambacho nimejigamba kukifungua.

Jumanne, 5 Machi

Nimeshinda mbele ya dirisha jeusi la kuandikia amri, lenye maandishi meupe. Nimejifunza kwamba Linux haina adabu za kinafiki. Ukikosea, inakwambia. Ukipatia, inanyamaza. Mchana kutwa ilikuwa ikiniambia.

Jioni nikaenda kula kwa mdogo wangu, kwa kuwa mumewe anafanya kazi za mitandao ya kompyuta. Sikutaka kuomba msaada. Nilitaka msaada ujitokeze wenyewe. Nikasema nina rafiki mwenye tatizo, nikaeleza. Shemeji akasikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza, "Huyo rafiki yako, shemeji, naye huwa anapandisha miwani kwa kidole akidanganya?" Mdogo wangu akapaliwa na maji.

Hata hivyo akaeleza. Kila faili lina mwenyewe, lina kikundi, halafu wako watu wengine wote. Tatizo ni kwamba faili likizaliwa linamjua mwenyewe peke yake. Basi rafiki yangu aunde kikundi kimoja, awaingize wafanyakazi wote, folda aikabidhi kwa kikundi, na aamuru kila faili jipya lirithi kikundi hicho. Akifika hapo, kuna jambo la mwisho la kufanya kwenye zile Windows…

Nikamkatiza. Nikasema nimeshaelewa, yaani rafiki yangu ataelewa. Kwa nini nilimkatiza? Kwa sababu alikuwa anaeleza polepole, kwa mifano ya nyumba na funguo, kama anayemfundisha mtoto, na nilikuwa naelewa vizuri sana hivyo hivyo. Mlangoni akanipigia kelele: rafiki yako asithubutu kuwafungulia watu wote kila kitu! Nikajibu kwamba rafiki yangu si mjinga.

Jumatano, 6 Machi

Rafiki yangu ni mjinga.

Asubuhi nilifanya yote. Kikundi nikakiunda, watu nikawaingiza, kila mmoja na nywila yake. Injinia nikampa ya tarakimu na alama zilizochanganyika, ndefu kama risala. Sijivunii. Linux ikanyamaza. Nikaita watu wajaribu. Huna ruhusa. Huna ruhusa. Huna ruhusa. Ilisomeka kwenye kila kioo, na Injinia akaisoma kwa sauti kila mara, kwa lafudhi ya mtangazaji wa msiba.

Nikahitimisha kwamba maelezo ya shemeji yalikuwa na kasoro. Hitimisho hilo nalitilia shaka hata ninapoliandika. Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya shaka, nilikuwa na watu nyuma ya kiti changu.

Ili kujaribu, nikaifanya folda nzima kuwa mali ya mtu mmoja. Nilimchagua Mama Sauti kwa sababu kompyuta yake ndiyo iliyokuwa karibu. Ikakubali! Kwake tu. Kwa wengine folda ikatoweka hata kwa kuitazama. Nilipotaka kuirudisha ilivyokuwa, sikukumbuka ilivyokuwa.

Basi ofisi nzima imeshinda kwenye foleni mbele ya meza ya Mama Sauti. Mkurugenzi naye alipanga mstari. Mama Sauti akavaa mtandio wake wa heshima na kumwuliza kila aliyefika shida yake nini. Injinia alipofika akaambiwa, "Wewe mwanangu, subiri. Juzi uliniondolea pumzi zangu kwenye sura ya mizizi, nikasikika kama marehemu." Kisha akanigeukia na kusema kwamba leo yeye ndiye ofisi, na kwamba nisihangaike kutengeneza, hivi hivi panapendeza.

Alikuwa akikohoa. Nilitaka kumpa pole. Nikaona haya kusogea.

Alhamisi, 7 Machi

Nimewafungulia watu wote kila kitu.

Naandika bila kujitetea. Mwalimu alipiga simu asubuhi kuuliza kama mambo yanakwenda, nikamjibu yanakwenda. Kisha nikakaa nikiwafikiria wanafunzi wanaosubiri. Amri yenyewe ni fupi kuliko jina langu. Kusoma, kuandika, kufuta: ruhusa kwa mwenyewe, kwa kikundi, kwa wengine wote, kwa yeyote atakayepita. Linux ikanyamaza. Sasa najua kwamba hunyamaza pia mtu anapofanya upumbavu, mradi tu ameuandika kwa usahihi.

Ikafanya kazi! Kila meza! Makofi. Mkurugenzi akaniita "mtaalamu wetu" mbele ya Injinia, ambaye alitazama viatu vyake. Kwa heshima ya ukweli nilipaswa kusema kwamba hilo si suluhisho, ni mlango uliong'olewa. Nikasema asanteni.

Alasiri wenzangu walipokuwa wakimalizia kusoma, nikajifungia kwenye chumba kidogo cha kurekodia. Naona haya kuandika nilichokifanya humo. Nilifanya mazoezi ya hotuba ya kupokea wadhifa wa Naibu Mkurugenzi. Nilitaka kujisikia nikoje. Nilijisikiliza, nikaridhika kiasi, nikatoka. Kinasa sauti cha chumba kile tangu juma lililopita hakihifadhi kitu, kimenyimwa ruhusa. Kwa hiyo maneno yangu yameishia hewani, panapostahili.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu wa Biolojia amekuja. Mtu mpole, naye haoni, ana tabia ya kuuinamishia sikio mlango anapoingia. Nikahesabu masomo kwenye folda, idadi ikatimia, nikanakili kwenye flashi, nikamkabidhi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema vijana wake hawana kingine cha kuwapitisha Jumatatu. Nilifarijika kiasi cha kutaka kulia. Mama Sauti hakuja kazini. Wanasema amepoteza sauti.

Juma limekwisha vizuri. Huenda nilijihukumu kwa ukali kupita kiasi.

Jumamosi, 9 Machi

Mwalimu amepiga simu. Alianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu! Akasema wamesikiliza masomo yote, mazuri sana, ila la mzunguko wa damu hawakuliona. Mahali pake kuna mwanamke anayeshukuru watu.

Nikakaa kitako kwenye ngazi za nje.

Akaendelea, kwa upole uleule, kwamba wanafunzi walilirudia mara kadhaa wakitafuta Biolojia ndani yake. Kuna sehemu mwanamke huyo ananyamaza muda mrefu. Walidhani rekodi imekatika, wakakagua waya. Nilishindwa kumwambia kwamba hapo niliacha nafasi ya makofi.

Nikampigia Injinia. Kwa mara ya kwanza hakunidhihaki, jambo lililonitisha. Akaeleza: Mama Sauti alisikia kikohozi chake kwenye somo la damu, akalifuta ili alirudie kesho yake. Zamani folda ingemkatalia. Safari hii haikumkatalia. Kesho yake akaamka hana sauti. Na kinasa cha chumba kidogo, nacho kilipopewa ruhusa kama kila kiumbe, kilihifadhi hotuba yangu moja kwa moja ndani ya folda ya Biolojia. Moja likatoka, moja likaingia, na idadi ikatimia.

Kisha akasema, "Dada, ulisema wewe ndiye umewatoa gizani?" Nikakata simu. Nilikuwa nimesema hivyo. Kuhusu watoto wasioona. Kwenye kinasa sauti.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda mwenyewe shuleni na kitabu. Injinia alijitolea kurekodi upya ofisini, lakini niliona rekodi nyingine kutoka kwangu ingewatia shaka, nao wana haki.

Darasa limejaa, madawati yamesogezwa mbele. Nilikuwa nimepanga kutojitambulisha. Nikasema tu, "Habari zenu, wanafunzi."

Msichana wa mbele akaruka. "Naibu Mkurugenzi!"

Kicheko kilichofuata sitakisahau, hakikuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana kilinichoma. Kijana wa nyuma akasimama, akaegemeza mkono kifuani, akatoa hotuba yangu neno kwa neno: "Ndugu zangu, sikuutafuta wadhifa huu. Wadhifa ndio ulionitafuta." Akaacha ile nafasi. Wote wakapiga makofi. Msichana wa mbele akauliza kwa adabu kwa nini nilisema nimefanya yote bila msaada wa mtu yeyote, halafu nikawashukuru watu kwa dakika nzima. Nikajibu kwamba hoja yake ni ya msingi. Akauliza pia kama nimeshapata cheo. Nikasema bado. Akanipa pole, kwa dhati kabisa.

Kisha nikasoma. Damu inaingia upande wa kulia, inakwenda mapafuni, inarudi upande wa kushoto. Wakanisimamisha, wakaniuliza, nikarudia. Nikawashikisha ngumi zangu mbili zikifungana na kufunguka kama vyumba vya moyo, mmoja baada ya mwingine, na darasa likawa kimya kama kinasa sauti kinachofanya kazi. Nilisahau hotuba. Nilisahau kiti. Jua lilikuwa limeshahama dirisha la pili nilipofunga kitabu.

Mwalimu akanisindikiza hadi getini. Nikamwomba msamaha. Akasema walio na macho huwa wanamtumia vitu vibovu kuliko hivyo, na hawaji kuvisoma upya.

Jumatano, 13 Machi

Mtaalamu wa nje aliitwa jana, leo amefika. Kijisanduku cha vifaa, hereni moja, maneno machache. Akakagua kikundi nilichokiunda Jumatano iliyopita, akasema kiko sawasawa. Sawasawa kabisa! Tulichotakiwa kufanya ni kila mtu kutoka kwenye Windows yake na kuingia upya, kwa maana Windows hukumbuka jina uliloingilia mwanzo na hushikilia hilo. Ndilo jambo la mwisho ambalo shemeji hakuruhusiwa kulisema. Kati ya kazi zangu zote za juma lile, ile ya kikundi niliyoikataa ndiyo pekee iliyokuwa sahihi.

Ameziba niliyoyafungua. Kila mtu ana ruhusa ya kusoma na kuandika. Mimi, kwa agizo la Mkurugenzi, nina ya kusoma tu. Aliniambia ana kwa ana, akitazama ukuta. Nikakubali kwamba ni haki. Injinia ndiye anayekaimu kile kiti. Nalo nikalikubali, au nilifanya uso wa kukubali.

Adhuhuri Mwalimu akapiga simu. Swali la mzunguko wa damu lilitokea kwenye mtihani! Wametoka wakicheka. Wanaomba niwasomee na Kemia, wao wanapenda nikisoma nikiwa hapo hapo.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kama somo lisingefutwa, nisingekwenda. Nisingekwenda, wasingezishika ngumi zangu. Kwa mantiki hiyo, kosa langu lilikuwa aina ya mbinu ya ufundishaji, na pengine tatizo halikuwa kwamba nilifungua kila kitu, bali kwamba sikukifungua kwa mpangilio. Sina hakika kama hoja hii ina mashiko. Inanipendeza.

Alasiri mtaalamu alitoka kwenda kunywa chai. Akaacha lile dirisha jeusi wazi, likiwa bado limefunguliwa kwa jina la mwenye mamlaka yote. Nilihitaji folda ya Kemia tu. Ruhusa ndogo ya kuandika, kwangu peke yangu, kwa ajili ya wale watoto. Nikaandika amri. Linux ikanyamaza.

Mtaalamu amerudi. Anawauliza watu, mmoja mmoja, Kemia imekwenda wapi. Amefika kwenye meza yangu. Nimepandisha miwani nikasema hata mimi nashangaa.