Sala ya Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Kwako, Kicheko wangu,

Nimeingia tena kwenye ule mchezo wako wa mtandaoni. Nacheza kwa simu hapa karakana, kati ya friji moja na nyingine. Mdogo wako ndiye Malkia wa kijiji sasa. Sheria ni ile ile: ukishaingia, wewe si fundi friji tena, ni mwanakijiji. Marufuku kutaja kitufe, pointi wala intaneti. Leo nimemuuliza mlinzi wa lango ana pointi ngapi. Aibu! Malkia kanipigia simu papo hapo. Eti shemeji, ukiteleza tena unatoka, na ile nyumba apewe mwingine.

Nyumba yako, Kicheko. Yenye maboga uliyopanda mwenyewe. Thubutu!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata ujanja. Pointi nitaziita umri. Nimemwambia mlinzi nina miaka mia tisa. Akaniamkia shikamoo, akanipisha kila mahali. Nikavimba kichwa. Kisha akaomba nimsimulie vita vya kale. Nikamjibu kwamba nilikuwa nimelala.

Jumatano, 5 Machi

Mteja kaja na friji linalovuja maji. Nikaiacha simu mezani. Kurudi, mtu wangu wa mchezoni kasimama ukutani, pua imegusa tofali, na kijiji kizima kinauliza ana nini. Ningetaja friji, kwisha habari yangu. Nikasema nilikuwa nasali. Wameamini!

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Ukuta mzima umejaa watu, pua kwenye tofali. Kumbe kila anayekwenda kula au kumbadilisha mtoto nepi, sasa "anasali". Mlinzi naye alikuwa anasali. Majambazi wameingia langoni wakabeba kuku wote. Malkia akapiga simu: alinitaka nifuate sheria, au nianzishe dini? Kesho baraza. Nyumba iko mashakani.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipanga kupiga magoti mbele ya Malkia. Vidole vina grisi, nikabonyeza pengine. Mtu wangu akaanza kucheza ngoma. Mbele ya baraza! Anarusha miguu, nami sijui namna ya kumsimamisha. Malkia akauliza kama hiyo ndiyo heshima. Nikaandika kilichonijia: ngoma hii nilifundishwa na marehemu mke wangu, na miguu yangu humtafuta nikishikwa na hofu.

Malkia akashuka kitini, akaanza kucheza. Mlinzi akafuata. Baraza zima likatimua vumbi.

Nyumba imebaki kwetu! Nilishusha pumzi hadi mteja akauliza kama gesi imevuja.

Baadaye shemeji alipiga simu. Akasema anajua fika dada yake hakucheza ngoma hata siku ya harusi yake. Lakini leo, akasema, kwa mara ya kwanza sikuteleza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetubu. Sheria ni sheria.

Ila nimewaza: nikiwa na mtu wa pili mchezoni, mjukuu wa yule mzee wangu wa miaka mia tisa, si atakuwa shahidi wangu barazani siku nyingine? Simu ya pili ninayo. Nimejaribu kidogo tu. Mjukuu kafika kijijini, nikamwandikia maneno matamu ya kumsifu babu yake, shujaa asiye na mfano. Simu nilizichanganya. Babu kasimama katikati ya uwanja, kajisifu mwenyewe, na kajiita babu.

Simu inalia. Ni mdogo wako. Sipokei kwanza.

Huko uliko, Kicheko, nikumbuke.