Bwana wa Shaba na Mbuzi Tisa

Gitobu alikuwa ameshatupa begi juu ya lori la kwenda Ngaremara, maana mji wa Isiolo ulikuwa umechoka na dawa yake ya kuotesha nywele, aliposikia Mohamednoor, tajiri wa malori, akilalamika kibarazani. Kamati ya ardhi inaketi Alhamisi, naye hana kitu cha kuonyesha kwamba babu yake askari alipewa na gavana wa Kizungu kona moja ya soko la mifugo.

Gitobu akashusha begi. Mtu mwaminifu angeendelea na safari.

"Salaam aleikum, Haji. Mzungu aliyempa babu yako kona, sura yake ninayo."

Akatoa karatasi aliyoikuta nyuma ya kioo kikuukuu: picha ya mwanamume ndani ya dirisha la mviringo, kifua cha chuma, nywele za bandia zimemwagika mabegani kama kondoo asiyenyolewa.

"Huyu ni gavana?"

"Mkubwa wa magavana! Mbuzi tisa tu, kwa heshima ya babu."

Mohamednoor hakuwa mjinga mzima, alikuwa nusu. Akamwita shangazi yake Naimo, anayechonga nakshi kwenye bangili za shaba hapo barabarani. Naimo akainamisha karatasi juani, akaifuata mistari kwa ukucha.

"Hii si ya kalamu," akasema. "Imekatwa kwenye bamba la shaba, likapakwa wino, likagandamizwa kwenye karatasi. Ona shavu. Mstari unaingia mwembamba, unanenepa, unatoka mwembamba: hapo mkono umesukuma chuma, ukalegeza. Nywele ni fujo, kola ni fujo, ndio jicho lipate mahali pa kutulia. Na hiki kidole kimetoka nje ya dirisha kama anaitisha chai! Wallahi, huyu alikuwa fundi. Mimi nikikosea bangili nasugua. Yeye akikosea pua, basi."

"Kwa hivyo ni ya ukweli?"

"Ya ukweli kabisa."

Gitobu hakuwa amewahi kupata shahidi wa bure.

"Na wewe kijana," Naimo akamgeukia, "huwa unaangalia mistari?"

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Haya. Mpe mbuzi."

Mohamednoor akawapakia mwenyewe, haraka kuliko desturi ya matajiri.

Kule Ngaremara, walioibiwa mbuzi hao walikuwa wakiwatafuta kwa wiki ya tatu. Hawakuuliza karatasi, walisoma masikio, kila sikio mikato miwili, alama ya ukoo wao. Gitobu alikuwa amesafiri na masikio kumi na nane bila kutazama hata moja. Akamtaja aliyempa, akarudi kwa miguu, bila viatu.

Mohamednoor alitozwa fahali wawili kwa kuficha mbuzi wa watu. Kamati ilisoma mwaka ulioandikwa chini ya picha, 1691, ikamuuliza babu yake alikuwa na miaka mingapi. Kona imebaki ya soko.

Gitobu yuko Maua. Anauza dawa ileile. Kwenye kopo amebandika yule bwana, ambaye alimpiga picha kwa simu kabla ya kumuuza, kama mteja wake wa kwanza.

Karatasi ilitupwa nje ya ofisi ya kamati. Naimo aliiokota, akaitundika juu ya meza yake ya kazi. Mistari ya bangili zake siku hizi inanenepa katikati. Bei haijapanda.