Jinsi Nilivyomwachisha Mama Kazi

Ijumaa, 1 Novemba 2013

Kanisani Abu Hamour tangu asubuhi. Baada ya ibada vijana tukabakizwa ukumbini kumsikiliza Bwana Trevor. Suti ya kijivu, viatu vinavyolia. Mada: kuthubutu katika kazi na biashara. Akasema watu wetu wanakuja Doha, wanakalia kiti kimoja miaka kumi, wanarudi kwao na televisheni tu. Akasema mtu anaruka kwanza, kamba ataifunga akiwa hewani. Nimeandika yote. Kurasa nne!

Kisha maikrofoni ikazungushwa. Loice akasimama kabla hajaombwa. Akaeleza jinsi mama yake, Auntie Pamela, alivyoiacha kliniki alikokuwa akifanya kazi na Mama yangu. Sasa yuko hospitali kubwa, nao wamehamia Al Wukair, kwenye nyumba zenye bwawa la kuogelea. Makofi. Maikrofoni ikanifikia mimi. Nikasema asante, nikaipitisha. Asante ya nini? Hakuna aliyenipa kitu.

Sisi bado tuko Muaither. Villa moja, familia tano, kuta za jasi nyembamba kama biskuti. Jirani akipiga chafya Baba anamtakia afya, naye anashukuru kutoka kwake. Miaka saba hivyo.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimefikiri sana. Shida ya familia yetu ni woga. Mimi mwenyewe siwezi hata kumwomba dereva wa basi la shule afungue dirisha. Lakini Mama ana nafasi! Ile hospitali ya Auntie Pamela ilimfanyia usaili Septemba, ikamkubali. Kilichobaki ni NOC, karatasi ya mwajiri wa sasa kusema hana pingamizi. Bila hiyo, nesi akiacha kazi anarudishwa kwao na hapati kazi hapa tena kwa miaka miwili. Mama ameiomba wiki tatu sasa. Kila siku meneja anamjibu inshallah.

Na visa yangu iko chini ya Mama. Baba anaendesha basi la kampuni. Kwa mshahara wake hawezi kutuweka hapa. Mama akiondoka, nami naondoka, na Baba anarudi kambini kulala na wanaume saba chumba kimoja. Hilo nalijua. Naliandika ili isije ikasemwa sikujua.

Barua ya Mama ya kuacha kazi iko tayari kwenye kompyuta. Alinisomea kwa Kiswahili, nikaiweka kwa Kiingereza cha kuvaa suti. Akasema isiguswe mpaka karatasi itoke.

Jumapili, 3 Novemba

Mpango wa kwanza. Nimpigie meneja simu, nijifanye ofisi ya hospitali kubwa, niseme tunamsubiri Sista Peninah kwa hamu. Ataona aibu kumchelewesha. Nilifanya mazoezi ya sauti nzito bafuni. Nikapiga. Akapokea dada wa mapokezi, akauliza anisaidie nini.  Nikasema jino linaniuma.

Nina miadi ya daktari wa meno wa kliniki hiyohiyo Jumatano jioni, kwa namba ya simu ya Mama. Sina jino bovu.

Jumatatu, 4 Novemba

Loice tena, foleni ya kantini. Ati nyumba jirani na yao iko tupu, mama yake anauliza tunahamia lini. Kisha, mbele ya watu: "Ama mamako bado anaogopa, Daisy?" Wakacheka. Nilitaka kumjibu kitu cha kumkausha. Nikasema labda. Jibu lenyewe lilinijia saa tatu baadaye nikiosha vyombo. Nikaliambia sufuria.

Mama amerudi akiimba. Hakusema kwa nini. Mtu anaimbaje kwenye nyumba ya jasi?

Jumanne, 5 Novemba

Nimeruka!

Mama alitoka saa tisa na nusu kwenda zamu ya jioni. Nikaifungua barua, nikaisoma tena. Nzuri mno kukaa gizani. Nikawaza: meneja hatoi karatasi kwa sababu haamini Mama ataondoka. Akiiona barua atajua hatutanii, atatia sahihi. Pale Mama aliposema angependa kuondoka, nikaweka ameamua. Neno moja tu. Nikaituma kwa meneja, kwa barua pepe ya Mama.

 Kisha nikapika chapati nane, zote duara! Haijawahi kutokea. Ishara njema.

Jumatano, 6 Novemba

Mama aliitwa kliniki asubuhi, akarudi mchana, hakuvua viatu. Akaketi juu ya gunia la mchele. Meneja amempongeza. Barua imepokelewa. Siku ya mwisho ni tarehe tano Desemba, tiketi ya Nairobi watanunua wao. Kuhusu NOC, akasema mtu aliyekwisha kuamua hana haja ya ruhusa ya yeyote.

Mama anaamini wezi wa mtandao wameingia kwenye barua pepe yake. Baba anamshuku jirani wa chafya. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, kwa hiyo machozi yangu hayakuulizwa.

Hapo simu ya Mama ikalia. Ujumbe wa kukumbusha miadi yangu. Akanitazama kwa huruma. "Jino linakuuma siku zote hizi na umenyamaza tu, mama?" Akasema twende pamoja, yeye anaenda kumwomba meneja tena.

Basi nikalala kwenye kile kiti, mdomo wazi, pamba kila upande, na nyuma ya ukuta sauti ya Mama ikimbembeleza meneja. Miaka saba, mudir. Sijawahi kukosa zamu, mudir. Nikaamua kukiri papo hapo, kwa nguvu, wote wasikie. Ikatoka aaa-ooo. Daktari akaniongeza ganzi.

Kumbe jino bovu lilikuwepo. Mawili.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekiri. Kwa maandishi, maana kwa mdomo siwezi. Nilitia karatasi kwenye mfuko wa sare yake, nikajifungia bafuni. Akaja, akakaa upande wa pili wa mlango. Niliona vidole vyake kwenye upenyo wa chini.  Jirani akapiga chafya. Baba hakusema kitu.

Ndipo Mama akaniambia. NOC yake ilikuwa imeshachapwa. Jumatatu meneja alimwonyesha kwa siri. Ulibaki muhuri wa mwenye kliniki, ambaye alikuwa safarini, anarudi leo. Leo! Meneja mwenyewe ndiye aliyekuwa amemtetea, ndiyo maana barua ilimchoma. Jana akaitumbukiza ile karatasi kwenye mashine ya kuchana, Mama akitazama. Hakutuambia mapema asije akatia nuksi.

Nikamwuliza kupitia mlango kama ananichukia. Akasema nimwachie bafu, anachelewa kazini.

Ijumaa, 8 Novemba

Kanisa zima linajua. Auntie Pamela amelia kuliko Mama. Ameuliza hospitalini kwao. Wangependa kumsubiri, ila bila karatasi hawana la kufanya. Loice hakucheka. Alinishika mkono tukakaa hivyo ibada nzima. Afadhali angecheka. Sasa sina hata mtu wa kumchukia.

Nikamfuata Bwana Trevor kwenye maegesho. Mara ya kwanza maishani kumwanza mtu mzima kwa maneno! Nikamweleza nilivyofanya aliyosema. Akapapasa mifuko akitafuta funguo, nazo alikuwa ameshika mkononi. Akasema alizungumza kwa ujumla. Nikamwuliza yeye aliruka lini. Akasema yuko ofisi ileile mwaka wa kumi na tisa.

"Mimi nina watoto, Daisy."

Viatu vikalia hadi kwenye gari.

Jumatano, 4 Desemba

Kesho Mama anamaliza zamu ya mwisho, Jumamosi tunaruka. Sahani tumempa jirani. Alisimama mlangoni akiwa amezishika, akapiga chafya. Baba akamtakia afya. Nilidhani amesahau.

Mama ananisemesha. Kuhusu masanduku. Jana akanipa sweta lake, akasema ndani ya ndege huwa baridi. Nimelivaa tangu hapo, na Doha hii!

Begi la Baba la kambini liko karibu na mlango. Dogo. Shuka mbili, kikombe, picha yetu ya bwawa la Auntie Pamela, siku tuliyoalikwa. Hataki nilibebe.

Nimekaa chini hapa nikifikiri. Kosa langu lilikuwa saa. Nilituma jioni, watu wakiwa wamechoka. Barua ya namna ile inatumwa asubuhi. Tena neno "ameamua" lilikuwa kavu. Lilihitaji shukrani mbele yake. Mambo madogo hayo, yanarekebishika.

Na Baba ana miaka kumi na moja kwenye kampuni moja. Kiti kimoja! Anajua kila aina ya basi. Nyumbani angenunua la kwake, akalala kitandani kwake, nasi tukawa mahali pamoja. Anaogopa tu. Mtu akimsaidia kidogo.

Nimemwandikia barua yake. Aya tatu, shukrani mbele. Ni nzuri kuliko ya Mama.

Sasa ni saa mbili asubuhi. Baba ameenda dukani kununua utepe wa kufungia maboksi. Simu yake ameiacha mezani. Neno lake la siri ni jina langu.